Je, wajua kwa nini patani (ule mchoro wa karatasi wa kukatia nguo) ya kadigani huanzia kwenye tisheti na sio kwenye blauzi?

Mtu akitaka kujishonea kadigani, yani lile sweta la kufunguka mbele, mara nyingi anachukua blauzi yake ya kitenge inayomkaa vizuri, anaichora kwenye karatasi ya kaki, anaongeza kidogo mbele kwa ajili ya vifungo basi anakata. Akiivaa kwapa zina makunyanzi, mabega yameteremka, mbele kuna mawimbi, afu cherehani ndio inalaumiwa. Cherehani haina kosa hapo, mambo yaliharibika tangu kwenye karatasi.

Iko hivi. Kitenge ni nyuzi za wima na za mlalo zinazopishana, ukikivuta hakiendi popote labda ukivute kimshazari. Kitambaa cha sweta au cha jezi ni uzi mmoja uliojikunja vitanzi, kitanzi ndani ya kitanzi, kwa iyo ukivuta vitanzi vinapanuka na ukiachia vinarudi. Ndio maana blauzi ya kitenge inataka dati za kifua, yani mikunjo inayoshonwa ili nguo ifuate umbo, na juu ya mkono inaachiwa ziada ya kama sentimita 2 au 3 ambayo fundi anaikusanya ili mkono uzunguke bega. Kitambaa cha vitanzi kinazunguka bega chenyewe, ile ziada inakosa pa kwenda inabaki kuwa makunyanzi. Tisheti haina dati wala ziada kubwa ya mkono, hesabu hiyo imeshafanywa.

Kabla hujachora chochote fua kitambaa, hasa kama kina pamba maana kitarudi, yani kitapungua, afu pima kinavutika kiasi gani. Shika sentimita 10 kwa upana, vuta bila kulazimisha, ikifika 13 ujue mvuto ni asilimia 30. Upande unaovutika zaidi ndio unazunguka mwili, ukikosea hapo kadigani inarefuka kila ukiivaa.

Sasa kunja tisheti katikati, ichore, mgongo na mbele kila kimoja nusu. Kadigani inavaliwa juu ya nguo nyingine kwa iyo kila ubavu wa karatasi ongeza kama sentimita 2, ambazo ukizihesabu mwili mzima ni 8, na kwapa ishushe 2. Ukishusha kwapa na mkono lazima uupanue. Simamisha tepu kwa ubavu wake upime mkunjo wa kwapa, mbele na nyuma, halafu mkunjo wa juu wa mkono, viwe karibu sawa. Wengi wanaruka hapa, wakifika kwenye kushona wanaanza kuvuta vuta.

Mbele ndio kunachanganya watu. Wanaongeza kitambaa kwa ajili ya vifungo wakati kama unaweka ukanda wa vifungo unaokatwa peke yake na kushonewa ukingoni, kuanzia mbele kuzunguka nyuma ya shingo, unatakiwa kupunguza! Ukanda ukiwa na upana wa sentimita 3, unakaa nusu huku nusu kule ya mstari wa katikati ya kifua, na ule wa upande wa pili unalala juu yake. Kwa iyo kutoka katikati rudi ndani 1.5 afu ongeza 1 ya mshono.

Na yale mawimbi? Ukishona, meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini na mguu wake unabana cha juu, ukingo unatanuka na haurudi tena. Bandika gamu ya pasi, kile kitambaa cha kukazia kinachogandishwa kwa pasi, kwenye ukanda sehemu ya vifungo. Nyuma ya shingo usiweke, na hapo ukanda ukate mfupi kuliko shingo, kama asilimia 90 hivi, kwa sababu ukingo wake wa ndani unakaa kwenye duara dogo kuliko lile la mshono. Mabegani shonea utepe usiovutika maana uzito wote wa mikono unaning'inia pale.

Cherehani ya miguu ya mshono ulionyooka inatosha ila uzi unakatika nguo ikivutika, kwa iyo tumia mshono mfupi huku unavuta kitambaa kidogo sana, au kama una zigizaga tumia hiyo. Ukimaliza mpelekee mwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo zisifumuke, apitishe pembeni. Matundu ya vifungo kwenye vitanzi yanasumbua kweli, wengine wanaweka vile vifungo vya chuma vya kubonyeza ndani, juu wanashonea kifungo cha kawaida cha urembo, na hakuna anayejua.