Atachimenti ndiyo uti wa mgongo wa wasifukazi wa mhitimu mpya

Kazi yangu katika ofisi ya rasilimali watu jijini Nairobi hunikutanisha na wasifukazi (CV) wa wanafunzi na wahitimu wapya kila mara, na linalonisikitisha zaidi ni kuona kijana aliyefanya kazi halisi akiieleza kana kwamba hakuifanya. Ukurasa wa kwanza hujaa maneno ya kiolezo cha saiba, kwamba mwombaji ni mchapakazi, anajituma na anashirikiana vyema na wenzake, ilhali miezi mitatu ya atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ambayo ndiyo hasa inayoweza kumtofautisha na wengine wenye shahada kama yake, hupewa mstari mmoja tu.

Mathalani, mwanafunzi wa uhasibu huandika: “Nilihudumu katika idara ya fedha na kusaidia kazi mbalimbali.” Afadhali angeandika: “Nililinganisha taarifa za benki na daftari la fedha kila mwisho wa mwezi, nikaingiza ankara za wauzaji katika programu ya QuickBooks, na kuandaa jedwali la VAT ya asilimia 16 ili ritani iwasilishwe kwenye mfumo wa kodi wa iTax kabla ya tarehe 20.” Meneja wa fedha akiisoma sentensi hii anatambua papo hapo kwamba mwombaji anajua tarehe 20 ni makataa ya ritani ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na kwamba hatalazimika kumfundisha kuanzia alifu. Sifa za kujisifia haziwezi kumpa uhakika huo.

Maelezo ya aina hii hayabuniwi. Yamo katika daftari la atachimenti ulilokuwa ukijaza na msimamizi wako akitia sahihi, kwa hiyo lifungue kabla hujaanza kuandika. Ambaye hajapata atachimenti ana mradi wa mwaka wa mwisho, au alikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi, au alisimamia hesabu za duka la M-Pesa la nyumbani wakati wa likizo. Mimi huyathamini yote hayo, mradi aeleze alichofanya na kilichotokana nacho.

Mengineyo ni mepesi. Kurasa mbili zinatosha, elimu ya juu itangulie, na KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ipewe mstari wake. Dini na hali ya ndoa ziache, kwani Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo. Wala usikimbilie kutafuta vyeti vya KRA (kodi), HELB (mkopo wa masomo) na DCI (mwenendo mwema) ili uviambatishe, kwa kuwa marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kuvidai kabla hajakusudia kukupa mkataba.

Katika orodha ya warejelewa, msimamizi wa atachimenti amtangulie mhadhiri, kwani ndiye nitakayempigia simu kuuliza kama kweli ulilinganisha zile taarifa za benki. Mwombe ruhusa mapema, na umtumie nakala ya ulichoandika.