Kutabiri uchakavu wa lami: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Kutabiri kwa uwezekano ni kubahatisha tu.

Vipande viwili vya lami vilivyojengwa mwaka mmoja, na mkandarasi mmoja, havichakai sawa. Kimoja mtaro wake umeziba, kingine kinapitisha malori mengi zaidi. Modeli ya uwezekano huzitia tofauti hizo katika hesabu badala ya kujifanya hazipo. Inayotumika sana ni mnyororo wa Markov: hali ya barabara hugawanywa katika madaraja, yaani viwango vya ubora, tuseme matano kutoka la kwanza (zuri kabisa) hadi la tano (bovu kabisa), kisha kila daraja hupewa uwezekano wa kubaki lilipo au kushuka mwaka unaofuata.

Chukua kilomita 100 za lami mpya, zote daraja la kwanza, bila matengenezo. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mwaka asilimia 80 ya daraja la kwanza hubaki na 20 hushuka. La pili hubaki 75, la tatu 70. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kilomita 80 na 20. Baada ya miwili: 64, 31 na 5. Baada ya mitatu: 51.2, 36.05, 11.25, na kilomita 1.5 tayari zimeingia daraja la nne. Hapo ndipo bajeti inapoanzia. Jimbo la Arizona, Marekani, lilianza kupanga matengenezo kwa njia hii mwaka 1980, na mwaka wa kwanza pekee liliokoa dola milioni 14.

Dhana: Modeli itasema shimo litatokea wapi.

Haitasema. Inajua kutakuwa na kilomita 1.5 mbovu, lakini haijui ni zipi. Kuzitafuta ni kazi ya wakaguzi barabarani.

Dhana: Matatu ndizo zinazomaliza lami.

Madhara ya ekseli (mhimili wa magurudumu) kwa muundo wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 10 huumiza kama mara 10,000 kuliko ya tani 1. Lori likizidisha uzito wa ekseli kwa asilimia 20, madhara yanazidi maradufu. Ndiyo maana takwimu za mizani ya malori kama ile ya Mlolongo zina umuhimu mkubwa zaidi katika utabiri kuliko idadi ya magari madogo mjini. Unapopanga vipande katika makundi, tumia hesabu ya ekseli nzito. Jumla ya magari itakupotosha.

Dhana: Takwimu zikiwa nyingi, jedwali la uwezekano litakuwa sahihi.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Uwezekano hupatikana kwa kuhesabu: vipande 120 vilikuwa daraja la pili, mwaka uliofuata 90 vimebaki na 30 vimeshuka, basi wa kubaki ni 0.75. Rahisi. Sasa tuseme kumi kati ya hivyo 90 vilizibwa viraka katikati ya mwaka na hakuna aliyeandika. Pengine vingeshuka vyote, na uwezekano wa kweli ungekuwa 80 kwa 120, yaani 0.67. Modeli itaamini lami ni imara kuliko ilivyo, na fedha zitaombwa pungufu.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote, oanisha kumbukumbu za ukaguzi na za matengenezo. Kipande kilichopanda daraja bila rekodi ya kazi ni dalili ya kiraka kisichoandikwa au wakaguzi wawili wanaopima tofauti. Usikifute kimyakimya, kwani ukifuta vyote vilivyotengenezwa unabaki na vile vilivyokuwa imara tangu mwanzo. Na kagua msimu uleule kila mwaka: ukipima mwaka huu kabla ya masika na mwakani baada yake, umepima mvua mbili za masika ukidhani ni mwaka mmoja.

Dhana: Jedwali moja linatosha Nairobi nzima.

Upande wa Westlands udongo ni mwekundu na hautikisiki sana. Kuelekea Embakasi kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Lami juu yake hupata mawimbi na nyufa ndefu hata pasipo malori. Jedwali la nchi za baridi halifai pia, maana huko barafu ndiyo inayopasua barabara.

Dhana: Barabara huchakaa kwa kasi ileile maisha yake yote.

Ufa wa kwanza hupitisha maji hadi kwenye kokoto za msingi, msingi hulegea, na kasi huongezeka. Mnyororo wa kawaida wa Markov hauzingatii hili, kwa sababu hutazama daraja la leo na kusahau umri. Tengeneza majedwali tofauti kwa rika, kwa mfano chini ya miaka 6 na zaidi ya hapo, au tumia mgawanyo wa kitakwimu uitwao Weibull kukadiria muda ambao kipande hukaa katika kila daraja. Kisha weka kando ukaguzi wa mwisho, tabiri bila kuutumia, na ulinganishe. Tofauti ikiegemea daraja moja tu, angalia kwanza rekodi za viraka vya daraja hilo.