Ngozi ya Kiboko na Kioo cha Simu: Dhana Potofu na Ukweli

Simu iliyoanguka mara kadhaa na bado ikawaka husemwa kuwa ina roho ya paka. Fundi mmoja wa simu, jirani na soko la samaki la Bagamoyo, amekwenda mbali zaidi ya msemo huo. Simu za namna hiyo yeye huziita viboko, na sifa hiyo imebeba makosa mawili, moja la mnyama na jingine la simu.

Dhana ni kwamba kiboko hudumu kwa ugumu wa ngozi. Ukweli ni kwamba ngozi hiyo hufikia unene wa sentimita 5 hivi, lakini tabaka lake la juu kabisa ni jembamba na hupoteza maji upesi, ndiyo maana viboko wa mto Wami, katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, hushinda majini mchana na kutoka kula nyasi usiku. Wakikaa juani mno, ngozi hukauka na kupasuka. Kinachowakinga ni ute mwekundu unaotoka ngozini, ambao wengi huudhania damu, nao hupunguza makali ya jua na kuzuia bakteria. Madume huchanjana vibaya kwa meno, kisha majeraha hayo hufunga humohumo katika maji machafu.

Ufa wa kioo haufungi. Tena kioo kigumu si lazima kiwe kisichopasuka: hukataa kuchanwa na funguo, lakini kikigonga sakafu kwa pembe, ufa mdogo tu hutosha kukimaliza. Kampuni ya Corning ya Marekani ilikiita kioo chake Gorilla Glass, jina ambalo, kwa maoni yangu, limewapoza watu kupita kiasi, kwani hata chembe za mchanga wa ufukweni huweza kukikwaruza.

Alama ya IP68, inayoonyesha jinsi simu inavyozuia vumbi na maji, nayo hudhaniwa kuwa ruhusa ya kuogelea na simu. Kipimo chake hufanywa kwa simu mpya, katika maji yasiyo ya chumvi, kwa kina na muda uliotajwa na mtengenezaji. Kiboko hufunga pua na masikio upya kila anapozama. Simu hutegemea gundi, nayo huzeeka.

Nilimwona fundi yule akifungua simu iliyotumbukia baharini, ambayo mwenyewe alikuwa ameilaza usiku kucha ndani ya mchele. Mchele hauondoi chumvi: tundu la chaji lilikuwa limeota kutu ya kijani. Aliisugua kwa mswaki na spiriti, ikawaka, ila spika haikutoa sauti tena.