Sami Michael hakurudi kwenye Kiebrania

Juzi tena, kwenye semina ya wafasiri, tukimzungumzia Sami Michael, mwandishi wa riwaya, Myahudi wa Iraq aliyeandika kwa Kiebrania, mwenzangu mmoja kasimama na kutamka kwa uhakika kabisa: "Sami Michael alipofika Israeli, akarudi kwenye lugha yake." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nimeshaisikia kauli hii mara nyingi mno, na kila mara nimeimeza pamoja na chai. Leo sinyamazi.

Mtu hurudi alikotoka. Michael alizaliwa Baghdad mwaka 1926, na kwao walisema Kiarabu cha Wayahudi wa Baghdad. Kiarabu ndicho alichotumia kugombana na wenzake mtaani, ndicho alichosomea. Kiebrania kilikuwa cha sala. Fikiria Mswahili aliyehitimu juzuu zote: mwambie aagize pweza kwa Kiarabu au apatane bei ya kitanda, uone jasho.

Na tusimfanye mcha Mungu aliyekuwa akiililia Yerusalemu. Alikuwa kijana wa Kikomunisti, wa vikao vya siri. Mwaka 1948 alitafutwa na polisi, akatorokea Iran, na 1949 akaingia Israeli. Akaishi Haifa, kwenye mtaa wa Waarabu, akiandika kwa Kiarabu katika magazeti ya chama, Al-Ittihad na Al-Jadid. Mwaka 1955 akakitupa chama. Baada ya hapo kazi yake ikawa maji: alikuwa mtaalamu wa haidrolojia serikalini kwa miaka 25 hivi. Riwaya yake ya kwanza kwa Kiebrania ilitoka 1974. Piga hesabu. Anayerudi nyumbani hatafuti mlango kwa robo karne.

Hapo ndipo wajuzi hunijia na hoja ya pili, nayo ndiyo inayonikera zaidi: "Lakini Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, bila shaka kazi ilikuwa nyepesi." Ndugu, ndiyo. Hata sisi tumegawiwa kipande cha urithi huo: damu kwa Kiebrania ni *dam*, nafsi ni *nefesh*, roho ni *ruakh*. Basi chukua neno *bayt* la Kiarabu, yaani nyumba, na pia mstari wa shairi. Sisi tulipolipokea tukaacha nyumba tukabaki na beti, na hakuna anayelala ndani ya beti. Kwa Kiebrania *bayit* ni nyumba, na ni ubeti pia. Halafu kuna *lahm*, nyama kwa Kiarabu. Kiebrania wana *lekhem*, nao ni mkate. Lugha ngeni kabisa hukushtua, ukafungua kamusi. Lugha ndugu hukubembeleza kwamba umeshaelewa. Mwandishi anayehamia lugha ndugu hana budi kulishuku kila neno linalomjia kirahisi, maana huenda limetoka Baghdad limevaa nguo za Haifa. Hiyo si kazi nyepesi! Ni kama kulima huku unachunguza kila jani kama ni mche au gugu.

Na matamshi je? Waliosoma chuo cha Kurani wanaijua ain, ile sauti ya kooni. Myahudi wa Baghdad aliitoa bila taabu, na Kiebrania cha kale kilikuwa nayo. Wengi waliotoka Ulaya hawakuiweza, wakaipuuza, na lafudhi yao ndiyo ikawa ya heshima. Kwa hiyo aliyelitamka neno karibu zaidi na asili ndiye aliyeonekana mshamba. Msomaji wa Pwani hapa hahitaji maelezo.

Wayahudi kama 120,000 walitoka Iraq mwaka 1950 na 1951 pekee, na waandishi miongoni mwao hawakufuata njia moja. Shimon Ballas alihamia Kiebrania mapema, riwaya yake ya makambi ya wahamiaji ikatoka 1964. Samir Naqqash alikataa katakata, akaandika Kiarabu hadi kufa kwake 2004, huku wasomaji wake wakiwa wachache. Kama Kiebrania kilikuwa "lugha yao", Naqqash alikuwa akikataa nini?

Sasa nikiri. Ninaposoma *Victoria*, riwaya ya Michael iliyotoka 1993, nasikia Kiarabu chini ya kila mazungumzo, maana watu wake, Wayahudi wanaoishi kwenye ua wa nyumba moja Baghdad, wasingeweza kusemezana kwa Kiebrania hata siku moja. Lakini je, nakisikia kweli, au nakiweka mwenyewe kwa sababu najua mwandishi katoka wapi? Ningepewa kurasa zile bila jina, sina hakika ningethubutu kuapa.

Tabu nyingine ni riwaya yake *Hatzotzra ba-Wadi*, ya 1987, yaani Tarumbeta Bondeni. Hata jina lenyewe limebeba neno la Kiarabu, *wadi*. Huda, Mwarabu Mkristo wa Haifa, anampenda Alex, Myahudi aliyehamia kutoka Urusi. Lugha yao ya mapenzi ni Kiebrania, ambacho hakuna kati yao aliyezaliwa nacho, na cha Alex kimevunjikavunjika. Nimejaribu kukifasiri Kiebrania cha Alex kwa Kiswahili mara tatu. Mara ya kwanza akawa mtalii wa Nungwi. Mara ya pili akawa mwenye duka wa kwenye vichekesho vya redio. Ya tatu nikamnyoosha sarufi yote, akawa si Alex tena. Mwenzangu wa semina, wewe unayejua nani alirudi wapi, karibu unisaidie.