Mgonzo Ukirudi Mtupu, Kagua Chambo

Vijana wanaonifuata hapa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, kujifunza migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi za kutegea sangara, huuliza kwanza namba ya ndoano. Namba ina kazi yake: kadiri inavyopanda, ndoano inakuwa ndogo, na ndoano ndogo itakuletea sangara wasiofika sentimita 50, ambao sheria imewakataza. Lakini ndoano 500 zenye chambo kilichokufa ni kamba tu iliyolala majini. Sangara hukimbilia kinachocheza.

Mimi napenda kambale wadogo. Furu, samaki wadogo wa ziwani, ni chakula ambacho sangara amekizoea, ila furu akiwekwa kwenye ndoo hufa haraka. Akianza kupanda juu na kufungua mdomo, ujue maji ulipaswa kuyabadilisha mapema. Kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachovuta hewa ya nje, ndiyo maana anafika ziwani bado anachapa mkia.

Kumtunga kunahitaji mkono mtulivu. Mshike kwa kitambaa kilicholowa, maana miiba ya mapezi ya ubavuni inachoma vibaya. Pitisha ndoano kwenye nyama ya mgongo, juu ya uti, kisha mrudishe majini mara moja. Ukigusa uti, mkia unasimama palepale. Huyo mtoe, weka mwingine. Ukiwa na haraka utaona ni kupoteza muda. Asubuhi ndipo utakapojua.

Jambo la pili ni kina, na hili lilinigharimu. Mwezi Januari mwaka mmoja tulitega mbali, nje ya kisiwa cha Goziba, kamba ikashuka zaidi ya mita 40. Alfajiri tulivuta furu mmoja baada ya mwingine, wote miili kamili bila jeraha hata la jino, lakini wote wamekufa. Mwenzangu alisema sangara wamehama. Kumbe hapakuwa na pumzi kule chini.

Katika miezi ya joto maji ya juu huwa mepesi, yakakaa juu ya maji ya chini bila kuchanganyika. Chini kule mabaki yanaoza na kumaliza oksijeni, na hakuna inayoshuka kuziba pengo. Sangara hana uvumilivu wa maji ya namna hiyo, kwa hiyo hupanda. Ukitega chini kabisa, umetega mahali asipo.

Kwa hiyo nikivuta, nasoma chambo. Kilichoraruliwa kinaniambia sangara yupo na pengine ndoano haikushika. Kilichokufa bila kuraruliwa, hasa kwenye ndoano za chini tu, kinaniambia nipandishe. Napunguza chubwi, vile vizito vinavyozamisha kamba, naongeza maboya, nategesha jioni inayofuata kwa kina kidogo zaidi, na ninaandika kwenye daftari nilipopata.

Kuanzia Juni, upepo wa kusini ukishayakoroga maji mpaka chini, chubwi zote zinarudi kwenye kamba.