Addu, 1942: kambi ya siri na hesabu zake za maji, mafuta na maili

Vita vya Pili vya Dunia katika Bahari ya Hindi vikisimuliwa, majina yanayotajwa ni Singapore, Colombo na Trincomalee. Addu haitajwi sana, na kwa kweli ilijengwa ili isitajwe. Ni atoli ya mwisho kusini mwa Maldivi, chini kidogo ya ikweta, umbali wa maili za bahari 600 hivi kutoka Colombo. Visiwa vyake, Gan, Feydhoo, Maradhoo, Hithadhoo, Hulhudhoo, Meedhoo na Vilingili, vimepangika juu ya mwamba wa matumbawe uliozunguka lagunu moja kubwa, yaani maji tulivu ya ndani. Milango ya meli ni minne: miwili kusini, pande mbili za Vilingili, na miwili kaskazini. Ndani kuna kina cha kutosha manowari kubwa kutia nanga. Nje ya mwamba, bahari huporomoka ghafla.

Wanajeshi wa Royal Marines, askari wa jeshi la majini la Uingereza wanaopigana nchi kavu, walianza kushuka hapo mwaka 1941, kabla Japani haijaingia vitani, wakapaita kwa jina la siri, Port T. Wazo lilikuwa rahisi: Singapore ikianguka na Ceylon (Sri Lanka ya leo) ikishambuliwa, meli ziwe na pa kujificha, kunywa mafuta na kurudi kazini. Walipofika walikuta minazi, vichaka na wavuvi. Wakafyeka misitu, wakaweka mizinga ya pwani ya inchi 6, wakajenga matuta ya kuunganisha visiwa vya magharibi. Kilichowaangusha hakikuwa adui. Kufyeka vichaka kuliwatoa utitiri mafichoni, na watoto wa utitiri hao ndio wanaoeneza homa ya vichaka. Ongeza mikwaruzo ya matumbawe, ambayo kwenye joto na unyevu ule hugeuka madonda yasiyopona, utaelewa kwa nini kazi ilikwenda polepole.

Shida ya pili ni maji, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi hudhani mahali penye mvua nyingi hapana shida ya maji. Addu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, lakini haina mto wala kijito. Mvua hupenya mchanga na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa sababu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi. Kwa hesabu ya vitabuni, kila sentimita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na sentimita 40 zilizo chini yake. Geuza hesabu hiyo uone hatari yake: ukivuta kisima kikashuka sentimita 10, chumvi inaweza kupanda mita 4 kukifuata. Kwenye kisiwa chembamba mita 4 ni nyingi mno. Kisima cha kijiji hakiharibiki, kwa kuwa huchotwa kwa ndoo na hupumzika usiku. Pampu ya kambi haipumziki. Na manowari moja kubwa ya wakati ule ilikuwa na watu wapatao elfu moja, tena na boila, mitungi ya kutengeneza mvuke wa kuendesha meli, zilizotaka maji safi kabisa.

Sasa tuje Aprili 1942. Admirali James Somerville alikuwa ameshika uongozi wa Kundi la Meli la Mashariki la Uingereza siku chache tu zilizopita. Alikuwa na manowari kubwa tano, lakini nne kati yake, Resolution, Ramillies, Royal Sovereign na Revenge, zilikuwa za muundo wa Vita vya Kwanza, nzito na za mwendo mdogo. Ya tano, Warspite, ilikuwa imefanyiwa ukarabati mkubwa. Upande wa pili Admirali Nagumo wa Japani alikuja na meli tano za kubeba ndege: Akagi, Soryu, Hiryu, Shokaku na Zuikaku. Somerville alitega kusini mwa Ceylon, akitarajia shambulio karibu na tarehe 1. Adui hakuonekana. Kufikia jioni ya tarehe 2 zile manowari nne kongwe zilikuwa zinakaribia kuishiwa maji ya kunywa na ya boila, ikabidi kundi zima lielekee Addu.

Walifika mchana wa tarehe 4, wakaanza kujaza. Kama saa kumi alasiri hiyohiyo, ndege ya Catalina iliyoongozwa na Leonard Birchall wa Kanada iliwaona Wajapani kusini-mashariki mwa Ceylon, ikatuma habari kabla ya kuangushwa. Piga hesabu mwenyewe. Colombo ilishambuliwa asubuhi ya tarehe 5, karibu saa mbili. Hapo katikati pana saa 16, na safari ya maili 600. Ingehitajika mwendo wa noti (maili za bahari kwa saa) 37 na zaidi. Warspite ilikuwa na noti 24 siku nzuri, na zile nne kama 18. Kundi la mbele, lenye Warspite, liling'oa nanga saa sita na robo usiku, la nyuma, lenye zile kongwe, asubuhi. Lilikuwa limeshachelewa kabla hata ya kuondoka.

Kruza mbili za Uingereza (meli za kivita za mwendo wa kasi, ndogo kuliko manowari kubwa), Cornwall na Dorsetshire, zilitoka Colombo kwenda kukutana na kundi la mbele, zikazamishwa na ndege za Japani mchana wa tarehe 5. Walikufa watu 424. Wengine 1,122 waliokolewa baada ya zaidi ya siku nzima majini. Somerville aliogopa kwamba huenda adui ameijua Addu na anamvizia mlangoni, akazunguka na kurudi kwa upande wa magharibi tarehe 8. Wajapani hawakuwa na habari. Kwa maoni yangu, siri ndiyo iliyokuwa silaha pekee ya Addu wakati huo, maana ulinzi wake dhidi ya ndege na nyambizi ulikuwa karibu na sifuri.

Ndiyo maana manowari zile kongwe zilipelekwa Kilindini, Mombasa, na makao ya kundi zima yakafuata. Wavunja-siri wa mawasiliano ya Japani nao walihamishwa kutoka Colombo hadi shule ya Allidina Visram. Kilindini ilikuwa na gati na bara nyuma yake, ila mawimbi ya redio ya Wajapani yalifika dhaifu mno, na mwaka 1943 walirudishwa Ceylon.

Addu ikabaki kituo cha njiani kati ya Mombasa na Colombo, na njia hiyo iliwaumiza Waafrika Mashariki hasa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail, ikitoka Mombasa na kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki ndani yake, ilipigwa na nyambizi I-27 karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika zisizozidi 3. Walikufa watu 1,297. Manowari Paladin na Petard ziliishambulia nyambizi ikiwa imejificha chini ya walionusurika, na baadhi yao waliuawa na mabomu ya majini yaliyokusudiwa nyambizi hiyo. Paladin ilipasuliwa ubavu ilipojaribu kuigonga I-27. Petard, baada ya kuizamisha kwa topido ya saba, iliivuta Paladin hadi Addu. Ni Paladin ileile iliyookota watu wa Cornwall na Dorsetshire.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Addu yenyewe. Milango ilikuwa imewekewa nyavu za chuma zinazoning'inia kwenye maboya. Udhaifu wa nyavu ni mahali pa kupitia: lazima pawe na mwanya meli zipite, mkondo unazivuta huku na huku, na matumbawe yanakata kamba. Topido za wakati ule kwa kawaida zilikwenda moja kwa moja, kwa hiyo kanuni ni usitie nanga mahali panapoonekana kutoka nje kupitia mwanya. British Loyalty, meli ya mafuta ya tani 6,993, ilikuwa imelala pabaya. Ilikwisha kuzamishwa mara moja, 30 Mei 1942 huko Diego Suarez, Madagaska, na nyambizi ndogo ya Kijapani iliyoijeruhi pia Ramillies. Ikaibuliwa, ikaletwa Addu kuwa ghala la mafuta linaloelea. Tarehe 9 Machi 1944 nyambizi ya Kijerumani U-183, ikiwa nje ya mwamba, ilipitisha topido kwenye mwanya wa nyavu ikaipiga.

Haikupotea kabisa. Waingereza wenyewe waliizamisha Januari 1946, karibu na Hithadhoo. Iko kwenye kina cha mita 33 hivi, ubavu wake wa juu ukiwa kama mita 16 chini ya maji, na iliendelea kuvuja mafuta kwa miaka mingi baada ya vita.