Ziara za nyumbani kwa familia zenye dhiki: yasemwayo Malindi na yaliyo kweli

"Wakija nyumbani, mtoto huchukuliwa." Katika mitaa ya Malindi hakuna dhana inayodhuru kuliko hii, kwa kuwa humfanya mama aliyelemewa ajifungie ndani pale hasa anapohitaji wa kumsikiliza. Ukweli ni kwamba mhudumu wa jamii anayetembelea familia hana mamlaka ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya malezi ya wazazi, na mvutano ukizuka juu ya mtoto akae na nani, wa kuamua ni mahakama, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Mhudumu akikuta mtoto anaumizwa, bila shaka hanyamazi: hupeleka habari kwa afisa wa watoto au polisi, na jirani naye anaweza kupiga simu 116 bila malipo. Lakini ukatili si ndio hali ya kila nyumba inayobishwa hodi. Kuna nyumba zenye madeni, zenye mgonjwa, au zenye baba mvuvi ambaye pepo za kusi zimemzuia kwenda baharini.

Dhana ya pili huvaa kanzu ya wema: kwamba mtoto wa maskini atatulia zaidi akipelekwa makao ya watoto. Katika mji wa watalii kama huu ni rahisi kuiamini, maana mfadhili huona upesi jengo na vitanda vilivyopangwa safu, wala hamwoni shangazi aliyeko mtaa wa Maweni ambaye angemlea mtoto huyo iwapo angesaidiwa sare na chakula. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwao, na mkakati wa kitaifa wa Kenya wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kutoka kwenye makao hadi kwenye familia. Kumrudisha si kumshusha mlangoni na kuondoka. Bibi au shangazi atakayempokea hutayarishwa kabla, mahali pa kulala huangaliwa, shule hutafutwa, kisha mhudumu hurudi mara kwa mara, kwa sababu hasira na kukojoa kitandani huweza kuanza baada ya furaha ya siku za mwanzo kupoa.

Wapo pia wanaodhani kwamba ziara ni mgao, na mgeni asiye na mfuko wa unga huulizwa kwa macho amekuja na nini. Hukaribishwa mkekani, akaomba kitabu cha kliniki, kikatolewa chini ya godoro kikiwa kimefungwa kwenye nailoni. Humo huonekana chanjo iliyorukwa, na katika mazungumzo hujulikana kwamba mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Kumsindikiza mama kwenye ofisi ya usajili ni msaada, ingawa hauliwi. Katika mji wa Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, wahudumu wa afya walianza kuwatembelea watoto waliodumaa, saa moja kila wiki kwa miaka miwili, wakiwafundisha mama zao kucheza na kuzungumza nao kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono. Miaka 20 baadaye watoto hao, sasa watu wazima, walikuwa na kipato kilichozidi kwa takriban asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakupata ziara hizo.

"Nyumba yenye teja haisaidiki," husemwa barazani. Tangu mwaka 2015 hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Anayeshika njia hiyo kila asubuhi huhitaji mke, mama au kaka anayeelewa kwa nini dawa haikatizwi ghafla, na maelezo hayo hufaa zaidi yakitolewa nyumbani kwao, wote wakisikia.

Mwisho, haifai kudhani kwamba mwenye nyumba analazimika kufungua. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yake. Anaweza kuomba kitambulisho, kuuliza aliyemtuma mgeni na kumtaka aje siku nyingine, na mhudumu anayeijua kazi yake hukubali bila kununa.